Boksi langu lilianza kung'ata watu

Meseji iliingia usiku, fupi tu: "Kaka, lile boksi lako linang'ata." Nikajua anachosema, ni ile hali ukipitisha mgongo wa vidole kwenye bati la kifaa unasikia kama linatetemeka, kama kuna mchwa wanakimbia chini ya ngozi, ukibonyeza kwa nguvu inapotea ukigusa kidogokidogo inarudi. Nikamjibu kama mtu anayejiamini kabisa, "angalia soketi yako kama ina ethi." Akarudisha: "Ethi ndo nini?"

Basi nikanyamaza. Ethi ni ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, na kwenye plagi ndo mguu wa tatu. Maana lile boksi nilichora mimi, nikatoboa mimi, nikafunga mimi, nikaweka plagi ya miguu mitatu, na kichwani mwangu usalama wa huyu jamaa ulikuwa umeisha palepale kwenye ule mguu wa tatu. Kumbe kwake ule mguu wa tatu ulikuwa chuma tu kinachosaidia plagi isilegee.

Boksi lenyewe si kitu cha ajabu, ni chaja ya betri, kasha la alumini, ndani kuna pawasaplai (kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo) ya kununua ile ya bodi wazi, feni, na kibodi changu kidogo cha kusimamia chaji. Nilitengeneza machache nikawagawia watu ninaowafahamu. Alumini niliichagua kwa sababu mbili, inapoza vizuri na inapendeza. Kiukweli sababu ya pili ilikuwa ya kwanza. Na ukishachagua kasha la chuma mtu anakwambia "weka ethi" unaweka ethi, hakuna aliyeuliza kama kuna njia nyingine. Leo nataka niandike kuhusu hiyo njia nyingine, na kwa nini swali la ethi au insulesheni mbili linatakiwa liulizwe kabla hata hujachagua rangi ya kasha.

Tuanzie hapa. Kila kifaa kinachochomekwa ukutani kina insulesheni ya kwanza, yaani ile plastiki ya waya, vanishi ya kwenye kopa (nyaya za shaba) ya mota, umbali wa hewa kati ya laivu, yaani waya unaoleta umeme, na bati. Hiyo ndo inafanya kazi siku zote. Sasa swali la mtu anayebuni kifaa ni moja, hiyo ya kwanza ikishindwa, nani anamuokoa aliyeshika? Vifaa vimegawanywa kwa klasi kulingana na jibu. Klasi ya kwanza inajibu: waya wa ethi. Chuma chochote ambacho mkono unaweza kufika kimefungwa kwenye ethi, laivu ikichomoka ikakigusa umeme unakimbilia ethi, fyuzi inakatika au breka inaruka. Klasi ya pili inajibu: kuna ganda jingine. Insulesheni ya kwanza ikishindwa kuna ya pili inayojitegemea, au kuna moja nene yenye nguvu ya mbili. Hakuna ethi, haihitajiki, plagi ina waya mbili tu, na kwenye lebo unaona kile kimchoro cha mraba ndani ya mraba. Kuna klasi ya tatu pia ya volti ndogo na ile ya sifuri isiyo na ulinzi wa pili kabisa. Hiyo ya sifuri iweke akilini, itarudi.

Watu wengi wanaamini chuma ni klasi ya kwanza na plastiki ni klasi ya pili. Si kweli. Birika la umeme la plastiki tupu kwa kawaida lina ethi, na kuna vifaa vya bati kabisa vyenye mraba mbili na waya mbili. Kasha halikwambii kitu, kinachokwambia ni lebo na kilichopo ndani.

Nirudi kwa jamaa. Kesho yake nikaenda na multimita. Nikapima kutoka bati la boksi hadi kwenye ethi ya kweli, nikapata volti mia na kumi na kitu. Umeme wa pale ni volti 230, kwa hiyo ni kama nusu. Ukiona nusu ya umeme kwenye bati usishtuke sana kwanza, hiyo ni alama ya kapasita za filta, vidude vinavyopitisha umeme kidogo tu wa ukutani. Kwenye mlango wa pawasaplai kuna kapasita mbili, moja kutoka laivu kwenda bati, nyingine kutoka nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenda bati, kazi yake ni kumwaga kelele za masafa ya juu kwenye ethi ili kifaa kisisumbue redio za watu. Ethi ikiwepo, hicho kidogo kinachovuja kinaenda zake kimyakimya. Ethi isipokuwepo, bati linaning'inia katikati ya hizo kapasita mbili kama mtu aliyekalia ukuta, mguu huku mguu huku, kwa hiyo nusu.

Zangu zilikuwa nanofaradi 4.7. Piga hesabu kwa hezi 50 na volti 230 unapata kama miliampia 0.34. Binadamu anaanza kusikia umeme kwenye nusu miliampia hivi, kwa ngozi nyeti na mguso mwepesi hata chini ya hapo, na kwenye miliampia 10 hivi ndo misuli inaanza kugoma kuachia. Kwa hiyo 0.34 haiui mtu. Ila jamaa alikuwa na maboksi yangu manne kwenye ekstensheni moja. Nne mara 0.34 ni 1.36, na hapo hauhitaji ngozi nyeti, unaruka.

Mara nne kivipi wakati kila boksi linavuja lake? Ndo nikafungua ekstensheni. Ina matundu matatu kila soketi, nzuri tu kwa macho, ndani kuna ukanda wa shaba umeunganisha matundu yote ya ethi, na waya unaotoka kwenda ukutani una nyuzi mbili. Mbili! Ukanda wa ethi umeunganisha maboksi yote manne pamoja halafu hauendi popote.

Nilikaa nikautazama ule ukanda muda mrefu kuliko inavyostahili. Kung'atwa ni kero tu, lakini piga picha laivu inachomoka ndani ya boksi moja kati ya manne na kugusa bati. Breka haina habari, maana hakuna njia ya kurudi. Na kwa kuwa ethi zote zimeunganishwa, mabati ya maboksi mengine matatu, mazima kabisa, yasiyo na kosa lolote, nayo yanakuwa laivu kamili. Yaani ule waya niliouweka ili umlinde, umegeuka kuwa waya wa kusambaza hatari. Kifaa cha klasi ya kwanza kikikosa ethi hakibaki klasi ya kwanza yenye kasoro ndogo, kinashuka moja kwa moja kuwa ile klasi ya sifuri, tena na kapasita za kukuchokoza juu yake.

Na hapa ndo nilipobadilisha mawazo. Ukichagua ethi, unakopa. Nusu ya ulinzi wa kifaa chako iko kwenye ukuta wa mtu ambaye hujawahi kumuona, kwenye soketi iliyofungwa na fundi usiyemjua, kwenye ekstensheni ambayo mtu ameinunua kwa sababu ni ndefu. Wewe unapima kifaa chako mezani kina ethi safi, unasaini, halafu kinaenda kuishi maisha yake mahali ambapo nusu ya mchoro wako haipo.

Hata ethi ikiwepo bado kuna ethi na ethi. Mahali ambapo njia yote ya kwenda na kurudi ina ohm 1, laivu ikigusa bati zinapita ampia 230, breka ya ampia 32 ya aina B inakata palepale kwa sababu yenyewe ikifika mara 5 ya namba yake, yaani ampia 160, lazima iruke papo hapo. Sasa mahali ambapo ethi ni fimbo ya chuma imepigwa ardhini na upinzani ni ohm 20, zinapita ampia kumi na moja na nusu. Breka ya ampia 32 hiyo inaiona ni mzigo wa kawaida tu, haitingishiki, bati linabaki na umeme mpaka mtu aguse. Sehemu kama hiyo bila RCD ya miliampia 30, yaani swichi inayokata ikiona umeme umevuja, ethi yako ni pambo.

Halafu kuna jambo ambalo mi naona ndo baya kuliko yote, ethi ikikatika hakuna anayejua. Laivu ikikatika kifaa kinazima, unapeleka kwa fundi. Nyutro vilevile. Ethi ikikatika feni inazunguka, taa inawaka, chaji inaingia, maisha yanaendelea miaka hata mitano, mpaka siku insulesheni ya kwanza inaposhindwa. Ndo maana kwenye plagi iliyofungwa vizuri utakuta waya wa njano na kijani umeachwa mrefu kidogo kuliko wenzake, ili mtu akivuta kamba laivu na nyutro zikaze na kuchomoka kwanza, ethi iwe ya mwisho. Nikiikuta hiyo kwenye kifaa cha mtu namheshimu hata kabla sijaona kingine.

Drili ndo zimenifundisha hili. Niliwahi kufungua drili ya zamani, mwili wote chuma, nzito kama dhambi, waya wa nyuzi tatu, na ethi imekatikia pale kamba inapoingia kwenye mpini, pale inapokunjwa kila siku, ganda la nje zima huoni kitu. Ilikuwa inatoboa vizuri tu. Mtu ameishika kwa mikono miwili, labda amesimama kwenye sakafu yenye unyevu. Sasa fungua drili ya siku hizi uone wenzetu walichofanya. Mwili plastiki, hiyo rahisi. Lakini ile sehemu ya mbele inayoshika biti ni chuma, gia ni chuma, shafti ni chuma, na shafti inaingia katikati kabisa ya mota yenye kopa za laivu, kwa hiyo umeme unaweza kupita kwenye shafti ukatokea kwenye biti. Walichofanya ni kuvika shafti soksi ya plastiki ngumu kati yake na zile sahani za chuma za mota. Kopa ikiungua ikagusa sahani, sahani zinakuwa laivu lakini shafti haina habari. Ganda la kwanza ni vanishi na karatasi ya kopa, la pili ni hiyo soksi. Ukiona hiyo mara ya kwanza unaelewa kwamba insulesheni mbili haimaanishi plastiki nene kwa nje, ni mtu amekaa akafuatilia kila njia ambayo umeme unaweza kutembea akaweka mlango wa pili kwenye kila njia.

Basi mimi na ujanja wangu, baada ya kutoka kwa jamaa, nikasema narahisisha. Toleo la pili: kasha la plastiki, toa ethi, weka waya wa nyuzi mbili, chapa lebo ya mraba mbili. Siku moja kazi imeisha. Mbele nikaacha ile paneli ya alumini kwa sababu, jamani, inapendeza.

Nina rafiki anayepima vifaa kama kazi, nikampelekea kwa kujisifu. Hakuwasha hata mashine. Alifungua, akachukua bisibisi, akashika waya wa laivu pale ulipochomelewa kwenye swichi, akaniuliza, "huu ukichomoka unaangukia wapi?" Nikauangalia. Unaangukia kwenye paneli ya alumini. Akaniuliza tena, "na hii skrubu ya paneli inaingia ndani kiasi gani?" Inaingia mpaka inabaki milimita mbili tu kufika kwenye bodi, upande wa umeme wa ukutani. Akafunga kasha. "Mraba mmoja futa," akasema. "Actually futa yote miwili." Nikacheka lakini iliniuma.

Hiyo ndo tabia ya watu wa klasi ya pili, hawakuulizi kama kifaa kinafanya kazi, wanakuuliza kitu kimoja kikiharibika kinachofuata ni nini. Waya umechomoka, skrubu imelegea imedondoka ndani, springi imeruka, je bado kuna ganda kati ya laivu na kidole? Kama jibu ni "haitachomoka, nimechomelea vizuri" umeshafeli.

Na hayo maganda yanapimwa kwa milimita kweli. Kwa umeme wa volti 250 kwenye mazingira ya kawaida ya ndani na plastiki za kawaida, insulesheni ya kwanza inataka umeme ukitambaa juu ya plastiki utembee angalau milimita 2.5 kabla ya kufika kwenye chuma. Ukitaka iwe ya nguvu mbili ni milimita 5. Kwa hewani ni 1.5 kwa 3. Inaonekana kidogo, lakini jaribu kupata milimita 5 kila mahali kwenye kibodi cha ukubwa wa kiganja. Pawasaplai niliyonunua ilikuwa ya klasi ya kwanza, maana yake upande wa umeme wa ukutani kwenda upande wa betri ilikuwa na nguvu mbili, lakini kwenda kwenye matundu yake ya skrubu ilikuwa na moja tu, kwa sababu waliotengeneza walitegemea hizo skrubu zitafungwa kwenye bati lenye ethi. Mimi nimeondoa ethi nikabaki na ile moja. Vitu hivi havionekani kwa macho, bodi mbili zinafanana kama mapacha, moja imechorwa kwa ethi nyingine bila ethi.

Hapa wapo wanaosema klasi ya pili ni rahisi kwa sababu unaokoa waya mmoja. Unaokoa, ndiyo, na unaokoa kile kipimo cha kiwandani cha kupitisha ampia 25 kwenye ethi kuona kama upinzani hauzidi ohm 0.1. Lakini unalipa kwingine: transfoma inataka waya wenye matabaka matatu ya insulesheni au nafasi za pembeni, kasha linataka nguzo ndefu za plastiki ili skrubu zisifike ndani, filta haina pa kumwaga kelele kwa hiyo unapambana na koili kubwa zaidi na kapasita ya aina ya Y1 (ile yenye nguvu ya insulesheni mbili) unayovusha kwenda upande wa betri, na hiyo lazima iwe ndogo kwa sababu kinachovuja kinapita kwa mtumiaji. Viwango vya vifaa vya nyumbani kwa miaka mingi vimeruhusu miliampia 0.25 kwa klasi ya pili, 0.75 kwa cha kubebeka chenye ethi, na 3.5 kwa kikubwa cha mota kisichohamishwa kama mashine ya kufulia. Angalia hiyo 3.5, halafu fikiria mashine hiyo kwenye ile ekstensheni ya nyuzi mbili.

Na kusema klasi ya pili haing'ati ni uongo pia. Laptopu za mwili wa chuma zenye adapta ya waya mbili zinawasha vidole kila siku, ni hiyohiyo kapasita moja inayovuka. Iko ndani ya kiwango, haina madhara, ila huwezi kumueleza mtu hivyo saa tano usiku akiwa anaandika na mikono inatetema.

Sasa msinielewe vibaya nikaonekana naichukia ethi. Kuna vitu ukivilazimisha kuwa klasi ya pili unajitesa, na vyote vina moto au maji. Chukua elementi ya birika au ya hita ya maji. Ni bomba la chuma, katikati waya unaopata moto, na kati yake unga mweupe wa magnesiamu oksaidi umeshindiliwa. Ule unga ni insulesheni nzuri sana na unapitisha joto, lakini unanyonya unyevu, na bomba lenyewe linaliwa na chumvi ya maji taratibu. Siku likitoboka maji yanakutana na laivu. Kuweka ganda la pili hapo maana yake ni kuweka plastiki kati ya moto na maji unayotaka kuyachemsha, sasa utachemsha nini? Hapo ethi haina mbadala, unafunga bomba kwenye ethi na siku likitoboka RCD inaruka kabla mtu hajafungua koki. Pasi vilevile, oveni vilevile. Kikaushio cha nywele kina moto lakini kinaponea kwenye plastiki kwa sababu waya wake unaning'inia hewani juu ya maika (jiwe la tabaka jembamba lisilopitisha umeme na linalovumilia moto), haugusi chuma kinachotoka nje.

Kwa hiyo mi siku hizi swali langu la kwanza ni je, kuna sehemu ambayo chuma ninachoweza kugusa lazima kikae karibu sana na laivu kwa sababu ya joto au maji? Kama ipo, ethi, na kama ni kikubwa cha kufungwa ukutani na fundi mwenye kipimo, ethi bila wasiwasi. Kama haipo, na kifaa ni cha kushikwa mkononi au cha kuzungukazunguka na ekstensheni za watu, naanza na maganda mawili na wewe ndo unishawishi kwa nini nisifanye hivyo. Na sijabuni hili. Kwenye viwango vya vifaa vya tiba kuna sehemu ya vifaa vinavyotumika nyumbani kwa mgonjwa, IEC 60601-1-11, na pale ethi ya ukutani haitegemewi kabisa, kifaa kikiwa hakijafungwa moja kwa moja kwenye wayaringi kinatakiwa kiwe klasi ya pili au kiwe na umeme wake wa ndani. Hospitali ethi inakaguliwa, nyumbani nani anakagua? Waliokaa kuandika hicho kiwango nao walishakutana na ekstensheni kama ya jamaa yangu, nina uhakika.

Kitu kimoja cha kuwapa haki wapenzi wa ethi: insulesheni mbili nayo inakufa kimyakimya. Ganda la kwanza likishindwa hakuna breka inayoruka, kifaa kinaendelea kwa ganda moja. Kwenye drili na grainda vumbi la brashi za kaboni linajipanga polepole ndani ya mwili, na kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo ile plastiki nzuri inapakwa njia nyeusi ya kutembelea. Puliza hiyo vumbi jamani. Na fundi akifungua akarudisha skrubu ndefu kuliko ya mwanzo, au akasahau kile kisoksi cheupe alichokiona hakina kazi, mraba mbili zinabaki kwenye lebo tu. Klasi ya kwanza fundi anajua ethi ni nini, ina rangi yake. Ganda la pili halina rangi.

Mambo ya plagi nitayapitia haraka. Kile kiingilio chenye umbo la namba nane, C8, ni cha waya mbili na mwisho wake ni ampia 2.5. Kile cha kompyuta ya mezani, C14, kina ethi na kinaenda hadi ampia 10. Kuna ndugu yake C18 wa ampia 10 bila ethi. Ukiweka C14 kwenye kifaa cha klasi ya pili kwa sababu ndo ulichonacho kwenye droo, kinafanya kazi, ila unamdanganya fundi atakayekuja kukipima.

Na maboksi yangu? Nikayakusanya yote manne. Na nilipoanza kuyabomoa ndo nikakuta aibu ya mwisho. Ethi yangu niliyojivunia ilikuwa imefungwa kwenye sahani ya chini tu, mfuniko unashikwa na skrubu nne, na ile alumini ni ya anodaizi, lile tabaka la kijivu linalopendeza ni oksaidi na oksaidi haipitishi umeme. Nikaweka multimita kati ya mguu wa ethi wa plagi na mfuniko: hakuna kitu, mstari umekatika kabisa. Skrubu zenyewe zilikuwa na rangi. Yaani hata kwenye soketi yenye ethi nzuri kuliko zote duniani mfuniko ambao watu wanaugusa haukuwa na ethi. Ilitakiwa washa (kile kipete cha chini ya skrubu) yenye meno ya kukwaruza, au nikwangue pale chini ya skrubu, kazi ya dakika mbili.

Toleo la tatu lina pawasaplai ya klasi ya pili yenye mraba wake halali, kasha la plastiki lenye nguzo za urefu wa sentimita moja na nusu, paneli ya mbele plastiki, C8 nyuma, na waya wa laivu umevikwa soksi na kufungwa kwa kamba ya plastiki sehemu mbili ili ukichomoka upande mmoja ubaki umening'inia palepale. Nimelipeleka kwa yule rafiki. Akafungua, akashika waya kwa bisibisi, akauvuta. Akatoa kioo chake cha kukuzia akatazama chini ya bodi. Kisha akaniuliza kwa nini feni ina wavu wa chuma.